Mama, Mtoto na Baiskeli: Tafuta Njia Isiyo na Magari

Leo nataka tuzungumze juu ya baiskeli, na najua wengine mmeshaanza kutikisa kichwa. Nikiitaja baiskeli kliniki, jibu huwa ni moja: "Sista, unataka mtoto wangu agongwe na matatu?"

Hapana, sitaki. Hofu hiyo ina msingi, na mimi mwenyewe simshauri mzazi yeyote amwachie mtoto wa miaka minane baiskeli kando ya barabara kuu, wala pale stendi ambako bodaboda hupita pande zote mbili. Lakini tazama na upande wa pili. Mtoto hutoka shuleni, hula, huketi mbele ya televisheni au huinamia simu ya mama mpaka usingizi umchukue. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili, moyo upige na jasho litoke. Sisi watu wazima tunahitaji angalau dakika 150 kwa wiki. Akina mama wengi ninaowapima presha na sukari huniambia hawajakimbia tangu walipomaliza shule, na magoti yao hayataki tena. Baiskeli hubeba uzito wako kwenye kiti, kwa hivyo magoti hupumzika huku moyo ukifanya kazi.

Kwa hiyo shida yetu si baiskeli. Shida ni gari. Basi twende mahali ambapo gari haliingii.

Kwa wale walio Nairobi na Kiambu, mahali hapo pako karibu: Msitu wa Karura. Uko kaskazini mwa jiji, kati ya barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu, nao una ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000. Magari ya wageni huachwa karibu na lango. Ukishapita hapo utakutana na watu wanaotembea, wanaokimbia na wanaoendesha baiskeli, na mara mojamoja gari la walinzi. Njia ni za udongo na murram, makumi ya kilomita kwa jumla, na kwenye njia panda kuna vigingi vyenye nambari ili mgeni asipotee. Kuna ziwa dogo, Lily Lake. Kuna maporomoko ya maji. Kuna na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha miaka ya 1950, na mtoto anayeyasoma hayo darasani atafurahi kuweka mkono wake kwenye mwamba wenyewe.

Mweleze pia kwamba msitu huo nusura uishe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili pajengwe. Profesa Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa huko na yeye akaumizwa kichwani. Hakuacha. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na Karura ikabaki kuwa msitu. Hata hivyo watu waliendelea kuogopa kuingia kwa sababu ya majambazi, mpaka ulipozungushiwa ua wa umeme na walinzi kuongezwa. Leo utaona kina mama wakipita humo na watoto wao wadogo.

Kuna kiingilio, na baiskeli za kukodi zipo. Bei hubadilika, kwa hivyo uliza kwanza kabla hujamwahidi mtoto. Maji yabebe katika chupa ya kutumika tena na tena, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu ya umma. Na msiwape kima chakula. Kima aliyezoea ndizi za wageni hupora, na meno yake si mchezo.

Walio upande wa Naivasha wataniuliza juu ya Hell's Gate, karibu na ziwa. Ni kweli, pale unaendesha baiskeli ukiwatazama pundamilia na twiga. Lakini magari ya wageni hutumia barabara hiyo hiyo, na nyati wamo. Mpeleke kijana anayejua tayari kuendesha. Anayejifunza apewe kwanza uwanja wa shule, au njia za ndani za shamba la chai Jumapili, mkiruhusiwa.

Sasa tuingie kazini. Baiskeli iwe ya kimo cha mtoto. Nimeona watoto wengi wakipitisha mguu chini ya mtaimbo wa baiskeli ya babu, mwili umepinda kama ndoano. Huyo akianguka, anaanguka na chuma juu yake. Akikaa kwenye kiti, nyayo zake zifike chini. Kama hajui kabisa, mwondolee pedali na ushushe kiti, ajisukume kwa miguu kama anayetembea. Atajifunza kusawazisha mwili kwanza, na mkirudisha pedali mara nyingi huwa ameshajua. Usimshike usukani. Mshike mabega, kidogo tu.

Murram si lami. Kokoto zilizolegea huteleza chini ya gurudumu kama mahindi makavu yaliyomwagika sakafuni. Mfundishe apunguze mwendo kabla ya kona, si akiwa ndani ya kona. Asibane breki ya mbele peke yake, atatupwa mbele. Abane zote mbili, polepole. Kwenye mteremko asogeze makalio nyuma. Matairi yasijazwe upepo hadi yakawa magumu kama jiwe, kwa maana tairi lililolegea kiasi hushika njia vizuri zaidi. Na mvua ikinyesha, ahirisheni. Ule udongo mwekundu ukilowa hata sisi watu wazima hutuangusha.

Kuna jambo ambalo huulizwa kwa kunong'ona, nami nitalisema kwa sauti. "Sista, si baiskeli itamharibu msichana?" Mama, baiskeli haiondoi ubikira. Ule utando hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa, na unaweza kunyooka kwa michezo ya kawaida kabisa. Hakuna daktari wala shangazi anayeweza kuutazama akajua kama msichana amelala na mwanamume. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba vipimo hivyo vya ubikira havina msingi na vikomeshwe. Binti yako apande baiskeli kama kaka yake.

Lakini nguo nitamsumbulia. Leso, mtandio na sketi ndefu huingia kwenye spoki au mnyororo kufumba na kufumbua. Avae suruali, au afunge sketi vizuri. Viatu viwe vya kufunika vidole, si patipati. Na mtoto mdogo anayebebwa kwenye keria, tafadhali, miguu yake iwe na pa kukanyaga. Kisigino kikiingia kwenye spoki huchanika vibaya, na kidonda cha hapo huchukua wiki nyingi kupona.

Helmeti ni lazima, hata msituni, maana jiwe na mti ni vigumu vilevile. Ikae bapa kichwani, vidole viwili tu juu ya nyusi, na ukanda ubane chini ya kidevu. Helmeti iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya jeraha kubwa la kichwa kwa zaidi ya nusu. Ile iliyosukumwa nyuma kama kofia ya harusi haimsaidii mtu.

Mjamzito, mimi nakushauri utembee tu. Tumbo likikua mwili hupoteza usawa wake wa kawaida, na anguko dogo linaweza kumdhuru mtoto. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya kliniki. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, isiachwe kwenye gari. Mtoto mwenye selimundu anaweza kwenda polepole, anywe maji mara kwa mara na apumzike, baada ya kuzungumza na daktari wake. Mwenye kifafa ambacho bado hakijatulia kwa dawa asiendeshe.

Na akianguka? Wengi huinuka wakilia na magoti yenye kokoto. Osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, toa mchanga wote, funika kwa kitambaa safi. Usipake majivu, samadi wala mafuta ya taa. Kidonda chenye udongo kinaweza kuleta pepopunda. Chanjo alizopata mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14 humkinga, lakini nguvu yake hupungua miaka ikipita, kwa hivyo mpeleke kliniki akaangaliwe kama anahitaji nyingine.

Akigonga kichwa, msimamishe safari hata akisema hajambo. Mpeleke hospitali mara moja akitapika tena na tena, akilegea na kusinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege, maumivu ya kichwa yakizidi, au damu au maji yakitoka sikioni au puani. Mtazame kwa siku mbili tatu.

Kisha kuna hili ambalo wazazi wengi hulipuuza. Ncha ya usukani ikimgonga mtoto tumboni, ngozi inaweza kuonyesha alama ndogo tu, kumbe ini au wengu umepasuka ndani. Huweza kucheza kwa saa kadhaa kabla hajaanza kulalamika. Akishika tumbo, akibadilika rangi, akitoka jasho baridi au akitapika, mwambie daktari kwa maneno haya: "Aligongwa na usukani wa baiskeli tumboni." Maneno hayo yatamfanya atafute panapostahili. Njiani usimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji upasuaji.

Kabla ya safari yenu ya kwanza, toeni kadi ya kliniki ya mtoto muitazame chanjo zake. Kama ilipotea, njooni kliniki, tutaandika mpya. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya minyoo. Kwaherini.