Folda ya Pamoja Inapokataa Kufunguka

(Maelezo yaliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za sharika, Musoma)



Tumeulizwa kwa nini taarifa ya robo mwaka kutoka Bunda ilichelewa. Fedha zilifika, kazi ilifanyika, na hesabu zilikuwa zimeandikwa. Ila zilikuwa ndani ya folda isiyofunguka.

Ofisi zetu za miradi za Musoma, Bunda na Butiama kila moja ina mtandao wake mdogo: kompyuta chache, printa, na mahali pamoja pa kuhifadhia mafaili. Humo mna stakabadhi za visima na orodha ya watoto wanaolipiwa ada. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, nasi tukahamia Windows 11. Asubuhi iliyofuata mhasibu wa Bunda alibofya folda ya hesabu, ikamkatalia. La ajabu, kompyuta ya meza ya pili iliifungua folda ile ile bila shida.

Fundi aliyeitwa alishauri turudishe njia ya zamani ya mawasiliano iitwayo SMB1, kisha turuhusu watu kuingia kama wageni, bila jina wala neno la siri. Kazi ya dakika kumi, alisema. Mhasibu alikuwa amebakiwa na siku tatu, na bado tulikataa.

Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika udhaifu wa SMB1, kikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 100 na kudai malipo. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Microsoft ilikuwa imetoa sahihisho tangu Machi mwaka huohuo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Kampuni hiyo ilianza kuiondoa SMB1 katika Windows mwishoni mwa 2017. Tena kwa Bunda SMB1 haikuhusika hata kidogo.

Chanzo kilikuwa aina ya Windows. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 Pro hudai kila ujumbe unaopita kwenda kwenye folda uwe na sahihi ya siri. Mgeni asiye na neno la siri hana cha kutilia sahihi, hivyo hukataliwa. Windows 11 Home haikuwekewa sharti hilo. Kompyuta ya mhasibu ni Pro, ya meza ya pili ni Home, na kisanduku cha kuhifadhia kilikuwa wazi kwa yeyote tangu kilipofungwa. Basi tukampa kila mfanyakazi jina lake na neno lake la siri, tukaamua nani asome tu na nani aandike. Ilichukua siku nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde, na majina ya watoto wale ni habari za watu.

Musoma mafaili yamo katika kompyuta ya kawaida, na huko kasoro ilikuwa ndogo zaidi. Watu walizoea kufungua mashine kwa tarakimu nne, wakaziandika tarakimu hizo pale walipoulizwa neno la siri. Tarakimu zile ni za mashine moja tu, hazivuki waya. Mmoja aliandika neno sahihi na bado akakwama, kwa sababu kompyuta yake ilikuwa imetunza neno la zamani; tulilifuta, akaingia. Mkikuta mtu anaona folda lakini hawezi kuhifadhi kitu, tazameni ruhusa sehemu mbili, kwenye ushirikishaji wa folda na kwenye mafaili yenyewe. Ile kali zaidi ndiyo inayofuatwa.

Butiama ndiko tunakohitaji msaada wenu. Kwanza kompyuta iliuchukulia mtandao wa ofisi kuwa wa umma, ikaficha kila kitu. Tuliubadilisha kuwa wa binafsi. Tukaandika anwani ya kisanduku kwa tarakimu badala ya jina lake, bado kimya. Kumbe kisanduku kile ni cha zamani mno, hakijui njia nyingine ila SMB1, na mtengenezaji hatoi tena masahihisho. Tumenakili mafaili yote kwa kompyuta kuukuu tuliyoichomoa kwenye intaneti, yakawekwa katika diski mbili, moja Butiama na nyingine Musoma. Taarifa za huko kwa sasa husafiri ndani ya mfuko wa mratibu.

Kwa wafadhili: mnapotupatia kompyuta, tafadhali ulizeni pia umri wa kisanduku kitakachohifadhi kazi yake. Kwa kamati: tunaomba kila usharika ulete majina ya watu wawili watakaoruhusiwa kufungua hesabu zake, kabla ya kisanduku kipya cha Butiama kufungwa.