MZIGO LAZIMA UFIKE PWANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Tabora)



Mji huu ulikuzwa na mabega ya wapagazi. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, pembe na nguo zilipita njia ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo zikibebwa na babu zetu Wanyamwezi na wenzao. Pagazi alitua mzigo kambini, akapumzika. Asubuhi akauinua tena. Leo tukumbuke safari moja ambayo mzigo wake ulikuwa maiti.

Mwezi Mei, 1873, Dr. Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Waliobaki ni Abdulla Susi, James Chuma na wenzao. Hapakuwa na bwana wa kuwaamrisha. Wangeweza kumzika na kutawanyika, na nani angewauliza? Hawakufanya hivyo. Moyo wake waliuzika palepale, mwili wakaukausha juani, wakaufunga ndani ya gome la mti, wakashika njia.

Baadaye mwaka ule wakafika Kwihara, jirani yetu hapa. Wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, naye akawashauri wazike hapa hapa, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Wakaufunga mwili kama mtumba wa nguo ili usitambulikane, wakaendelea. Februari, 1874, waliufikisha Bagamoyo. Lakini alipozikwa London mwezi Aprili, Susi na Chuma hawakuwapo.

Ndugu zangu, sisemi haya ili tumsifu aliyebebwa. Nataka tuwatazame waliobeba. Chuma alikuwa mtoto aliyetolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861. Mtu aliyekwisha kufanywa bidhaa ndiye aliyetuonyesha kwamba dhamiri si bidhaa.

Je, dhamiri ni kukataa kila shauri? La, hasha. Januari, 1958, wajumbe wa TANU walikutana hapa Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Sharti hilo lilikuwa chungu, na wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie katika uchaguzi, wakakubali. Bwana Zuberi Mtemvu akajitoa, akaunda chama chake. Kumpoteza ndugu mliyeanza naye safari si jambo dogo. Hata hivyo TANU ilishinda chaguzi za 1958 na 1959, na tarehe 9 Desemba, 1961, Uhuru ukapatikana.

Kule Kwihara walikataa. Hapa Tabora walikubali. Kipimo kilikuwa kimoja: je, mzigo utafika pwani?

Na sisi tunayo mizigo yetu. Katika matawi yetu wako wazee waliotangulia mbele ya haki wakatuachia kazi nusu. Ukifiwa, lia, kulia si aibu. Ukishindwa katika kura, tua mzigo, pumzika. Lakini ahadi uliyompa mwananchi, ya kisima au ya darasa, usiitupe porini kwa kuwa hakuna anayekutazama. Wale wapagazi nao hawakutazamwa na mtu.

Uhuru na Kazi!