Jengo ni Mali, Mafunzo Je?



Mimi ni mhasibu, mniruhusu niongee kwa hesabu. Kwenye vitabu vya chama, wodi tuliyojenga imeandikwa mali. Fedha za kumsomesha muuguzi zingeandikwa matumizi. Ndiyo maana kila mwaka tunajenga.

Mwaka jana nilimfikisha baba wodini usiku, anahema kwa shida. Mashine ya oksijeni ilikuwepo. Wa kuiendesha hakuwepo. Tukaingia barabarani saa mbili nzima. Mungu alisaidia, baba yupo.

Muhimbili walifanya vyote kwa pamoja. Idara ya Tiba ya Dharura ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo MUHAS wakaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo, masomo ya miaka 3. Wa kwanza walihitimu 2013, na baadhi yao wakabaki kufundisha wenzao. Vitanda bila watu visingefika popote.

Ombi langu: mwaka huu tusiongeze chumba. Tumsomeshe muuguzi mmoja na tabibu mmoja, watoto wa nyumbani, kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi kituoni kwetu. Nitaleta risiti za ada kila muhula, mzikague wenyewe.

Karatasi za ahadi ziko mezani. Mimi naanza na laki tano. Nitaiandika matumizi, lakini moyoni najua ni mali.