Foleni Ikishaisha: Kupima Presha Mitaani na Kinachofuata



Kwenye maonyesho ya Sabasaba hakukosekani banda la kupima presha bure. Watu hujipanga, jioni waandaaji hutangaza wamepima wangapi, na kesho yake idadi hiyo iko gazetini. Mimi idadi hiyo hainishughulishi. Nataka kujua waliokutwa na presha ya juu wako wapi miezi sita baadaye, na nani anawapa dawa.

Ushahidi tunao hapa hapa Dar es Salaam. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwapima wakazi zaidi ya 9,000 wa jiji hili, wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Waliokutwa na presha kubwa na hawatumii dawa walipimwa tena siku nyingine, na ambao haikushuka walishauriwa waende kutibiwa. Baada ya miezi 12, watafiti waliwapata tena 161 kati yao. Waliokuwa wamefika kwa mtoa huduma japo mara moja ni asilimia 34. Waliokuwa bado wanameza dawa siku hiyo ni asilimia 3.

Asilimia tatu! Na hawa hawakupimwa juujuu. Walipimwa kwa uangalifu kuliko banda lolote la maonyesho.

Tusikimbilie kuwalaumu. Presha haiumi. Mama lishe anayejisikia mzima akiambiwa afunge biashara siku nzima, alipe nauli, akae kwenye benchi, kisha anunue vidonge atakavyovimeza maisha yake yote, ana sababu za kusita. Kiharusi kinachoweza kumpata baada ya miaka kumi hakionekani. Mauzo ya leo anayahesabu mkononi.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine: presha za wengi zilishuka zilipopimwa tena. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu jina la mgonjwa. Inatakiwa apumzike dakika tano ameketi, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, na asizungumze. Mkanda wa mashine nao umtoshe. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene, presha itasomeka juu kuliko ilivyo. Sasa mchukue mtu aliyetembea juani, mpime huku spika za muziki zikinguruma kando ya hema, halafu umtishe kwa namba uliyoipata. (Wafadhili, naomba mnisamehe: fulana za zoezi la upimaji zingeweza kusubiri, mikanda ya saizi tofauti ikanunuliwa kwanza.)

Los Angeles walijaribu njia nyingine. Dkt. Ronald Victor na wenzake waliwafuata wanaume weusi wenye presha katika saluni 52 za kinyozi. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Katika kundi moja, kinyozi alimhimiza mteja abadili mwenendo na akamwone daktari. Katika kundi la pili, mfamasia alikuja palepale kwenye kiti cha kinyozi na, kwa makubaliano na madaktari, akaandika dawa na kuzirekebisha. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kwa wastani wa milimita 9.3 za zebaki katika kundi la kwanza na milimita 27 katika la pili. Vinyozi walikuwapo pande zote mbili. Kilichotofautiana ni dawa kumfuata mtu alipo.

Hapa kwetu kinyozi hatumkosi, na wanaume ndio hasa wanaoikwepa zahanati. Mfamasia ndiye adimu. Tuna maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, na yamefika hata vijijini. Lakini muuzaji wake si mfamasia, wala haruhusiwi kumwandikia mtu dawa ya presha. Je, aruhusiwe kumpa mgonjwa dawa za mwezi mwingine kwa cheti kilichoandikwa na tabibu wa zahanati ya kata, huku akimpima na kuandika namba kwenye daftari ambalo tabibu huyo atalikagua? Naona inawezekana, ila tuijaribu kwanza katika kata chache. Na kila atakayeomba kibali cha kupima mtaani, mganga mkuu wa wilaya amuulize zahanati ipi imekubali kuwapokea watakaokutwa na presha, na kama ina dawa za kuwatosha miezi sita. Akikosa jibu, asipewe.