ANGA NI MALI YA WOTE: UTARATIBU WA MASAFA KATIKA MITANDAO ISIYOTUMIA WAYA
Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Nimeombwa nizungumzie lalamiko linalosikika katika afisi nyingi: intaneti huwa nzuri asubuhi na mapema, lakini huzorota pale wananchi wanapojaa madirishani. Desturi yetu ni kumlaumu anayetuuzia huduma. Pengine ana kosa. Lakini mara nyingi kasoro imo ndani ya kuta zetu wenyewe.

Masafa ya Wi-Fi yaliyozoeleka yako baina ya megahezi 2,400 na 2,483.5. Humo mna mikondo 13, kila mmoja ukiwa na upana wa megahezi 20 hivi, ilhali umeachana na mwenziwe kwa megahezi 5 tu. Kwa sababu hiyo mikondo hiyo hupandiana, na kwa utaratibu wa kawaida mitatu tu, yaani wa 1, wa 6 na wa 11, ndiyo hutumika pamoja bila ya kuingiliana.

Ndugu zangu, afisi mbili zikiwa katika mkondo mmoja, mitambo yao husikilizana na kupeana zamu. Lakini afisi ya tatu ikichagua mkondo wa 3 kwa kudhani imejitenga, huwavurugia wote wawili, wa 1 na wa 6. Hapo hapana zamu tena. Kila mmoja kwa mwenziwe ni kelele, na ujumbe uliopotea hulazimika kutumwa upya.

Wala kuongeza nguvu ya mtambo si dawa. Simu ya mkononi itausikia mtambo kwa mbali, lakini mtambo hautaisikia simu, kwani nguvu yake ni ndogo.

Upo pia mgao wa haki. Katika mtandao wa simu wa 4G, mnara huamua kila baada ya elfu moja ya sekunde nani apewe fungu lipi la masafa. Ungewatazama walio karibu tu, aliye mbali asingepata kitu. Kwa hiyo huzingatia pia kila mtu amekwisha pata kiasi gani. Nasi tuige uadilifu huo. Mtumishi anayeteremsha filamu saa za kazi anamcheleweshea cheti mwananchi aliyevuka bahari kutoka Tumbatu.

Kwa mnasaba huo, nashauri yafuatayo:

1. Afisi zilizomo katika jengo moja zikubaliane mikondo, na mkondo huo uandikwe juu ya kila mtambo.
2. Kompyuta za mezani ziunganishwe kwa waya, ili anga ibakie kwa vinavyohama.
3. Vifaa vipya vitumie masafa ya gigahezi 5, yenye mikondo mingi zaidi.
4. Mafaili makubwa yatumwe baada ya saa za kazi.
5. Asitumie mtu kifaa cha kukuza mawimbi ya simu kisichoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kugawa masafa, Zanzibar ikiwemo.

Anga haina ukuta wala hati ya kumiliki. Heshima yake ni utaratibu wetu.