Filimbi ya Radi na Njia Zake Angani

Wasikilizaji wetu, sisi tulio hapa Majengo, Songea, twazijua radi za msimu wa mvua. Na mwenye redio ya masafa ya kati husikia mkwaruzo kila umeme umulikapo. Mkwaruzo huo ni mawimbi ya redio yatokayo katika radi yenyewe. Leo twapenda kueleza habari za mawimbi mengine ya radi, ambayo hupanda juu mno, yakavuka ikweta na kushuka upande wa pili wa dunia.

Katika vita vya 1914 hadi 1918, Wajerumani waliokuwa wakinasa simu za adui walisikia filimbi ianzayo juu na kushuka. Heinrich Barkhausen aliandika habari zake mwaka 1919. Mwaka 1953 L. R. O. Storey wa Cambridge alionyesha kuwa ni radi iliyosafiri katika plazima, yaani hewa nyembamba sana iliyogawanyika kuwa chembe za umeme. Humo mlio wa juu hutangulia, wa chini huchelewa.

Je, wimbi hushikaje njia pasipo waya wala ukuta? Plazima haikuenea sawasawa. Hujipanga kwa kufuata mistari ya sumaku ya dunia, mahali nzito, mahali nyepesi. Fikirini watu waliokwenda safu moja, bega kwa bega, upande mmoja ukaingia topeni: walio topeni hupunguza mwendo, na safu nzima hugeukia huko. Vivyo hivyo filimbi hugeukia plazima nzito. Ikipotoka kushoto hurudishwa, ikipotoka kulia hurudishwa, nayo huendelea kama maji mferejini.

Faida yake nini? Kwa kupima kuchelewa kwa filimbi, wataalamu walijua wingi wa plazima maelfu ya maili juu, kabla chombo chochote hakijafika huko. Baadaye, tarehe 15 Novemba 1971, Explorer 45 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya, ikapime chembe na mawimbi hayo. Tena mawimbi ya jinsi hii huweza kuzitia nguvu elektroni ziharibuzo setilaiti, au kuziangusha hewani zikaisha. Na setilaiti ndizo zisaidiazo kutabiri mvua ya mkulima wa mahindi.

Basi, radi ipigapo juu ya Majengo, ingieni ndani, msikae chini ya mti. Lakini jueni kuwa anga lililo juu ya mawingu si tupu, lina njia zake.