Mswada wa Afya Ukija Mashinani, Tuulize: Mama Je? Baba Je?

*Maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi kuhusu kutoa maoni juu ya sheria na sera za afya.*



Kila Bunge la Kaunti linapoitisha kikao cha maoni kuhusu mswada wa afya, kazi yangu ni kuwatangazia tarehe na mahali. Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo tangazo halisemi: ukifika pale, uulize nini?

Sheria hupenda kusema “mkazi” au “mgonjwa”. Lakini mgonjwa huyo ni mwanamume au mwanamke. Maumbile yetu hutofautiana, na majukumu tuliyopewa na jamii hutofautiana pia: nani ana pesa mfukoni, nani anabaki na watoto, nani anaweza kuacha kazi asubuhi aende zahanati. Sheria isiyotazama hayo huonekana sawa kwa wote, kumbe inamwacha mmoja nje.

Tuanze na akina mama. Mwezi wa Juni 2013, serikali ya kitaifa iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Hatua hiyo iliondoa kikwazo cha kweli. Lakini mama anayeshikwa na uchungu usiku, mbali na hospitali, bado anahitaji gari, nauli, na mara nyingine ruhusa ya mwenye nauli. Ada ikiondoka na barabara ibaki vilevile, kazi imefika nusu.

Akina baba, msidhani hili haliwahusu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2016 ulionyesha kuwa kiwango cha kifua kikuu miongoni mwa wanaume Kenya kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha wanawake. Sasa fikiria mwendesha boda boda au fundi wa mjengo anayekohoa. Zahanati ikifunguliwa saa za kazi na kufungwa jioni, atapimwa lini? Akikosa siku moja, nyumbani hakupikwi. Mpango wa kifua kikuu usiotaja saa za kazi umemsahau yeye.

Tutazame pia bima ya SHA. Asiye na mshahara wa mwezi hulipa mchango kwa mwaka, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mchango huu huhesabiwa kwa mapato ya nyumba nzima. Je, mama anayeuza mboga na kupata pesa kidogo kila siku atazikusanya vipi? Na kama mwenye kulipa ni mume, naye akasitisha au akaondoka, mke na watoto watatibiwaje? Tuyaulize hayo mapema, kabla mgonjwa hajafika kaunta.

Kwa hivyo, mswada au bajeti ya afya ikiletwa, uliza maswali manne. Ugonjwa huu unawapata akina nani zaidi? Nani atalipa, na pesa ziko mikononi mwa nani? Nani atashindwa kufika, na kwa nini? Je, takwimu zimetenganisha wanawake na wanaume, au zimechanganywa tu?

Haya si maswali ya kuombea radhi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, pamoja na afya ya uzazi. Kifungu cha 27 kinasema wanawake na wanaume watendewe kwa usawa. Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti kuwashirikisha wananchi.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeandika mswada hajalala kwenye kitanda chako. Kikao kijacho kikitangazwa, njoo umwambie. Mama aje, na baba aje. Asiyeweza kuja aandike maoni yake na kuyawasilisha kabla ya siku ya mwisho iliyo kwenye tangazo.